Wiki Ambayo Redio Ilizimwa

Ijumaa, saa sita kasorobo, Arlys Hrabik alitoa pai ya tufaha kwenye oveni akaiweka dirishani ipoe. Rollie Stroh, mnunuzi wa ng'ombe wa kampuni ya nyama, angefika saa sita na nusu, na Rollie hakupenda pai ya moto. Miaka ishirini na sita alikuwa amempikia mtu huyu. Alijua kwamba anataka kipande cha pembeni palipokauka, kwamba kahawa hainywi bila maziwa, na kwamba akikataa kipande cha pili basi bei aliyokuja nayo ni mbaya.

Delmar, mumewe, alikuwa ameshakaa mezani, kofia juu ya goti, sikio kwenye redio. Saa sita kamili redio ilisoma bei za ng'ombe, dola kwa kila ratili mia, kwa sauti ileile iliyosomea hali ya hewa. Delmar hakuwa mtu wa kuikosa. Hata siku aliyong'olewa jino aliisikiliza ndani ya gari na pamba mdomoni.

"Mia na thelathini na saba," alisema redio ilipomaliza. "Akinipa thelathini na tano ntamshukuru Mungu."

"Juzi ulisema bila mia na arobaini hupati hata pesa ya mahindi."

"Nimesema ntamshukuru Mungu, mama. Sijasema ntafurahi."

Katika zizi la kaskazini walikuwepo maksai mia na arobaini, weusi, wazito, migongo bapa. Walikuwa tayari. Mnyama akishakuwa tayari hangoji. Kila wiki anayokaa anakula mahindi yaleyale na kuongeza mafuta tu, na mafuta yakizidi kampuni inakata bei. Mwaka uliotangulia wao wawili walikuwa wamepata hasara mara mbili. Kundi hili likiondoka vibaya, hakutakuwa na ndama wengine wa kunenepesha, na mazizi ambayo baba yake Delmar alichimbia nguzo kwa mikono yatabaki ya panya. Hilo hawakulisema. Walilala nalo kila usiku na kuamka nalo.

Pikapu ya Rollie iliingia uani kwa wakati wake. Alikuwa mtu mnene wa miaka sitini na nne, mwekundu usoni, aliyebakiza miezi minane astaafu na asiyechoka kuwakumbusha watu. Alizunguka zizi dakika tano, akarudi, akajipangusa viatu mlangoni.

"Arlys, dada yangu, harufu hii itaniua."

"Kaa ufe umeshiba."

Alikula kipande chake. Arlys akainua kisu kukata cha pili.

"Leo inatosha," Rollie alisema.

Delmar alimtazama mkewe. Mkewe akaweka kisu chini.

"Mia na thelathini na moja," Rollie alisema.

"Redio imesema thelathini na saba."

"Redio hainunui ng'ombe, mzee."

"Rollie. Kwa thelathini na moja nakupa maksai na hela ya soda juu yake."

"Nimeambiwa thelathini na moja. Nina dakika kumi na tano. Zikiisha, kampuni inafunga bei, mimi naondoka."

Zilikuwa dakika kumi na tano kweli. Aliweka saa yake ya mkononi mezani, kando ya sahani yenye makombo. Delmar alitoka nje akasimama uani mikono mfukoni. Alirudi zikiwa zimebaki tatu.

"Wiki hii hapana."

"Sawa."

"Basi sema umepisha, nijue."

Rollie alivaa saa yake polepole. "Sijapisha. Bado ni kundi langu. Tutaonana."

Kwa mgeni neno hilo la kupisha ni dogo, lakini kwa watu wa sehemu ile ya Nebraska lilikuwa kufuli. Kuna desturi kwao ambayo haijaandikwa popote. Kampuni iliyonunua kundi lako la mwisho ndiyo iko mbele kwenye foleni. Mnunuzi wake ndiye anayekupa bei kwanza, wewe unamjibu yeye kwanza, na bei yake huitamki kwa mtu mwingine. Mpaka aseme amepisha, hakuna mnunuzi mwingine atakayekanyaga zizi lako. Delmar aliirithi desturi hii pamoja na mazizi, na aliiita uungwana. Alikuwa na haki ya kuiita hivyo, kwa sababu upande wake yeye ulikuwa uungwana kweli.

Rollie alipoondoka, Arlys alichukua kalamu akaandika kwenye kalenda iliyoning'inia kando ya friji, kalenda ya bure kutoka duka la ushirika la nafaka, ndani ya kisanduku cha siku ile: *Rollie. Pai ya tufaha, kipande kimoja. 131. Hajapisha.* Aliandika hivyo tangu alipoolewa, nani amekuja na amekula nini, asije akampikia mtu kitu kilekile mara mbili mfululizo. Wengine huandika kumbukumbu za maisha yao. Yeye aliandika pai.

*

Jumatatu asubuhi alimwekea mumewe simu mezani, kando ya mayai.

"Mpigie yule kijana wa kampuni nyingine. Brody Kranz."

"Rollie hajapisha."

"Rollie si mumeo, Delmar."

"Si suala la mume. Watu hawafanyi hivyo."

"Watu gani? Niambie majina yao. Hao wasiofanya hivyo wamebaki wangapi kwenye barabara hii?"

Walikuwa wamebaki watatu, kati ya kumi na mmoja. Delmar alikula mayai yake yote, akafuta sahani kwa mkate, akachukua simu. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. Arlys alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo na ulimtosha.

"Brody, habari za asubuhi, ni Delmar Hrabik… Ndiyo… Nina maksai mia na arobaini hapa, wazuri… Ndiyo, amekuja… Hapana, hajasema… Naelewa. Hapana, hapana, naelewa kabisa. Samahani kukusumbua."

Aliweka simu chini taratibu, kama kikombe kilichojaa.

"Anasemaje?"

"Anasema niko na Rollie. Anasema yeye hawezi kuingia." Akasukuma sahani tupu. "Mtoto ana miaka ishirini na minane, ananiambia mimi, 'Mzee, we si mgeni wa mambo haya.'"

Haikupita nusu saa simu ikalia. Delmar alikuwa nje. Arlys akaipokea.

"Arlys! Mwambie bwana wako nasikia anatafuta mchumba mwingine kabla talaka haijatoka." Rollie alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha siku zote, kile cha meza ya jikoni.

"Umesikia wapi, Rollie?"

"Nchi hii ndogo, dada."

"Ndogo kiasi gani? Amepiga simu moja tu, saa nne na dakika kumi, akiwa amekaa hapa jikoni kwangu. Mbwa ndiye aliyekuwepo. Amekwambia mbwa?"

"Msalimie," Rollie alisema, akakata.

Delmar aliposikia, alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akavua glavu.

"Nimemkosea."

"Umemkosea nani?"

"Rollie. Nimemvunjia heshima."

Arlys alitamani kumtikisa mabega. "Delmar, hebu sikia unachosema. Huyu ni wa kampuni moja, yule wa kampuni nyingine. Wanatakiwa wagombanie ng'ombe wako. Umempigia huyu, amempigia yule kabla kahawa yangu haijapoa. Hawa wamekaa meza moja! Na we unaomba msamaha!"

"Tulivyolelewa…"

"Tulivyolelewa, aliyefundishwa adabu ni wewe peke yako."

Delmar alivaa tena glavu. Arlys alirudi ndani, akaandika: *Delmar kampigia Brody saa nne na dakika 10. Rollie kapiga saa nne na dakika 35.* Hakukuwa na pai ya kuandika siku ile.

*

Ijumaa iliyofuata Rollie hakuja. Arlys alikuwa ameoka. Waliila pai wenyewe, Jumamosi na Jumapili, bila hamu. Ijumaa ya pili Delmar alitengeneza lango ambalo halikuharibika, lile la karibu na barabara, ili pikapu ikitokea asionekane kama mtu anayengoja. Ilitokea saa saba. Rollie aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu ya barabara zile ambayo hupewa hata mtu usiyemjua, akapita kwenda kwa jirani. Delmar naye aliinua kidole. Kisha akaendelea kukaza nati iliyokuwa imekazwa.

Brody naye hakutokea. Katika duka la ushirika, kwenye meza ya kahawa ambako Delmar alikuwa na kiti chake miaka yote, mazungumzo yalikatika alipoingia. Akachukua kahawa, akakaa. Mtu mmoja akaulizia mvua, mwingine akajibu kuhusu mvua. Halafu Brody, aliyekuwa akilipia sigara kaunta, akasema kwa sauti ya kutosheleza duka zima, "Mzee Hrabik, maksai wako wakianza kutaga mayai nipigie, nitakuja." Wakacheka. Hawakucheka sana, na wawili walitazama vikombe vyao, lakini walicheka. Delmar alicheka pamoja nao. Alimsimulia mkewe jioni, akalirudia lile neno la mayai kana kwamba lilikuwa zuri, na Arlys alilazimika kugeukia sinki.

Maksai walizidi kunona. Mafuta yalianza kuonekana kwenye mikia na vifuani. Kila asubuhi mashine ya kulishia ilimwaga mahindi, na kila asubuhi walikula.

*

Alhamisi ya wiki ya nne gari jeupe la serikali liliingia uani polepole. Mwanamke aliyeshuka alikuwa wa miaka thelathini na kitu, viatu vyake havikufaa kwa matope, na alibeba kompyuta ndogo kifuani kama mtoto. Akajitambulisha: Bi Tafoya, afisa kutoka idara inayosimamia haki katika masoko ya mifugo.

"Mimi sijamlalamikia mtu," Delmar alisema kabla mgeni hajakaribishwa kiti.

"Najua, mzee. Kuna mwingine aliyelalamika, na jina lake silitaji kama ambavyo lako sitalitaja kwake." Aliongea taratibu, kama mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba kadhaa wiki ile. "Sheria ipo. Ni ya zamani kuliko sisi sote hapa. Inakataza wanunuzi kugawana wauzaji. Lakini hii foleni yenu haijaandikwa mahali. Kampuni zinasema haipo. Nahitaji mtu aliye ndani yake atie saini kwamba ipo."

"Foleni ni heshima tu kati ya watu."

"Heshima inayokutaka usimwambie mtu yeyote bei uliyopewa?"

Delmar alisimama. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hata sasa hakuipandisha.

"Binti, nikwambie kitu. Mwanangu Kendall alikufa akiwa na miaka ishirini na mbili. Trekta. Rollie Stroh alibeba jeneza lake, upande wa kulia, mbele. Nilikuwa na maksai sitini wakati ule, tayari kama hawa. Sikuweza kufikiri. Sikujua hata nimevaa nini. Rollie akanifuata pale ukumbini kanisani, akanishika hapa," aligusa bega lake, "akasema, 'Delmar, usijisumbue na ng'ombe. Nawachukua, bei ya haki.' Sikuuliza, sikubishana, naye akawachukua. Tangu siku ile, mtu huyu akiniambia bei, namwamini au namkatalia, lakini simchongei. Hilo utaliandika kwenye fomu yako?"

"Nitaliandika ukitaka."

"Sitaki." Akachukua kofia. "Mpe kahawa, mama. Ana safari ndefu." Wanawake wakamwona dirishani akienda kwenye mabirika ya kunyweshea ng'ombe, ambayo yalikuwa yamejaa.

Arlys alimimina kahawa. Alimimina vikombe viwili, akakaa.

"Inabidi saini iwe ya mwanamume?"

"Inabidi iwe ya mwenye ng'ombe."

"Jina langu limo kwenye hati ya shamba. Jina langu limo kwenye kila kitu hapa, hata kwenye mashine ya kulishia." Akainama chini ya droo ya unga akatoa boksi la viatu vya mvua. "Na nina hizi. Sijui kama zina maana."

Zilikuwa kalenda, moja kwa kila mwaka, zimefungwa kwa kamba. Bi Tafoya alifungua ya juu akasoma kisanduku kimoja, kisha kingine. Akaacha kahawa yake.

"Umeandika kila mnunuzi aliyeingia hapa?"

"Nimeandika kila aliyekula. Na hakuna aliyeingia asile."

"Na huyu Brody, au aliyemtangulia, amewahi kuja kabla Rollie hajasema amepisha?"

"Tafuta. Mimi sijawahi kuoka pai mbili wiki moja."

Afisa alifungua kompyuta. Alikuwa na bei zilizotangazwa na serikali za kila wiki, miaka mingi nyuma, na akaanza kulinganisha. Arlys alisoma kisanduku, yeye akatafuta wiki, akaandika. Walikwenda hivyo zaidi ya saa moja. Ilikuwa kazi ya kutuliza, karibu ya kupendeza. Pai ya peasi, pai ya boga, mwaka wa mvua ya mawe, mwaka Kendall alipomaliza shule. Mara nyingi bei ya Rollie ilikuwa dola moja au mbili chini ya watu wengine. Dola mbili mtu haoni ubaya wake. Unasema ni umbali, ni barabara.

Wakafika Machi ya mwaka aliokufa Kendall. Arlys hakusita, alikuwa ameshajiandaa.

"Mazishi. Nyama ya nguruwe na viazi, ukumbini. Rollie kachukua sitini, mia na kumi na nne."

Bi Tafoya alitafuta. Vidole vyake vikasimama. Akasogeza ukurasa juu, akaurudisha chini.

"Vipi?" Arlys aliuliza.

"Tuendelee na mwezi unaofuata."

"Mwanangu, nimekaa na wanunuzi wa ng'ombe miaka arobaini. Mtu akificha bei namwona machoni. Sema."

"Wiki ile bei ya eneo hili ilikuwa mia na ishirini na moja." Aliitazama tena, labda akitumaini itabadilika. "Iliyo chini kabisa katika zilizotangazwa ni mia na ishirini."

Friji iliunguruma ikanyamaza. Arlys alikuwa ameshika kalenda ile kwa mikono miwili. Walikuwa hawajafungua redio wiki ile. Wiki moja tu katika maisha yote ya ndoa yao, siku saba, redio ilizimwa, kwa sababu Delmar hakustahimili sauti ya mtu yeyote ndani ya nyumba. Rollie alilijua hilo. Alikuja kila siku wiki ile. Aliiona redio imefunikwa kitambaa.

Maksai sitini, kila mmoja ratili elfu moja na mia nne, dola saba kwa kila ratili mia. Alizidisha kichwani bila kutaka. Ilikaribia dola elfu sita. Akakumbuka siku waliyosimama mbele ya mchonga mawe ya makaburi, na Delmar akauliza kama lile jiwe dogo lingetosha jina na tarehe. Lilitosha. Hapakubaki nafasi ya kuchonga farasi, na Kendall alipenda farasi. Arlys alilia, mara ya kwanza mbele ya mgeni tangu miaka ile, na hakujificha.

Bi Tafoya alingoja. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na roho mbaya, na kazi yake alilazimika kuifanya. "Mama, ukimwonyesha mumeo hii, atatia saini."

"Atatia."

"Saini yake ingekuwa na uzito. Watu wa hapa wanamheshimu. Wengine wangemfuata."

"Wangemfuata, najua." Arlys alijifuta uso kwa aproni. "Halafu mimi nitakaa na nani? Ile wiki ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho katika kifo cha yule mtoto. Kwamba kuna mtu alimshika bega. Nimwambie na hilo lilikuwa biashara?"

Afisa alisogeza kompyuta kando.

"Lete karatasi. Natia mimi."

Alitia saini mara tatu, mahali palipoonyeshwa, kwa mwandiko wake wa shule. Kisha akarudisha kalenda kwenye boksi, akafunga kamba, akalisukuma boksi upande wa pili wa meza. Kalenda moja ilibaki mapajani mwake.

"Kuna mwaka umepungua," Bi Tafoya alisema kwa upole.

"Mwaka ule sikuwa na kalenda."

Walitazamana. Afisa alifuta kitu kwenye kompyuta, mstari mmoja, akaifunga.

"Nikwambie ukweli, inaweza kuchukua miaka miwili. Inaweza isifike popote. Wana mawakili wengi kuliko sisi. Na wakijua ni ninyi, hakuna atakayekuja kununua."

"Kwani sasa hivi nani anakuja?"

*

Alikuja Rollie, kesho yake, saa sita na nusu, kana kwamba hakuwahi kukosa. Alijipangusa viatu. Alikaa kwenye kiti chake. Meza ilikuwa na vikombe vitatu vya kahawa na kopo la maziwa.

"Leo hakuna pai?" Delmar aliuliza, kwa aibu kidogo mbele ya mgeni.

"Siagi imeisha."

Delmar alimshangaa. Katika nyumba ile siagi haikuwahi kuisha. Lakini hakuwa na nafasi ya kushangaa sana, maana Rollie alikuwa ameshavua saa yake.

"Wamenona mno, mzee. Umewakalisha."

"Nimewakalisha mimi?"

"Sigombani. Mia na kumi na tisa."

Ilikuwa hasara ya zaidi ya dola elfu arobaini. Safari hii Delmar hakutoka nje. Alitazama saa iliyo mezani, akatazama mikono yake, na kabla dakika ya pili haijakwisha akanyoosha mkono. Wakashikana. Hivyo ndivyo ng'ombe wanavyouzwa kule, hakuna karatasi.

Rollie alipotoka, Arlys alimfuata mpaka kwenye pikapu. Alisimama kati yake na mlango wa gari.

"Ile wiki ya Kendall," alisema, "bei ilikuwa mia na ishirini na moja."

Uso mwekundu wa Rollie ulipoteza rangi kuanzia juu kwenda chini. Kukana hakukana, na hilo Arlys alimhesabia jema baadaye.

"Wakubwa wangu walinipigia asubuhi ile, nikiwa nafunga tai," alisema hatimaye. "Wakasema, 'Hrabik leo hawezi kubishana, usizidi kumi na nne.' Nikajiambia, angalau nitamwondolea mzigo. Nikajiambia hivyo, Arlys, na nikawa naamini kabisa mpaka nafika kanisani."

"Ukabeba jeneza."

"Nikabeba jeneza." Macho yake yalijaa maji. "Delmar anajua?"

"Hajui. Na hutamwambia. Ukija hapa utamtazama machoni kama ulivyomtazama siku zote. Hiyo ndiyo bei yako, na mimi sikupi dakika kumi na tano."

Akaondoka mlangoni pa gari ili apite. Pikapu ilikwenda polepole mpaka barabarani, ikasimama pale kitambo bila sababu, halafu ikakata kona.

Ndani, Delmar alikuwa amekaa palepale. Redio ilikuwa inasoma hali ya hewa. Aliizima.

"Sitanunua ndama mwaka huu, mama," alisema. "Tumefika mwisho wake."

"Najua."

"Baba angesema nini, sijui." Arlys alikaa kando yake akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa mzito na wa baridi. "Lakini Rollie amerudi," Delmar alisema. "Nilimvunjia heshima, na bado amerudi. Wengine wasingerudi."

"Amerudi."

"Si mtu mbaya. Wanambana huko juu. Mtu aliyetufanyia vile wiki ile hawezi kuwa mbaya." Aliinua macho kutazama kalenda ya ukutani, kisha chini ya droo ya unga, ambako boksi halikuwepo tena, na yeye hakujua. "Alitupa ngapi vile? We uliandika. Mia na kumi na nne?"

"Mia na kumi na nne," Arlys alisema.

"Na sikumwomba hata senti." Alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nne uso wake ulilegea. "Ilikuwa bei nzuri, wakati ule."

"Ilikuwa bei nzuri," alisema Arlys, akaenda kuosha vikombe.